WENYE GARI HAWANA UDHURU

Kila zikaribiapo likizo za shule utawaona ndugu zetu Waislamu wa Mombasa wameshughulika. Gari limepelekwa gereji likabadilishwa oili, tairi ya akiba imetiwa pumzi, akina mama wamekaanga mahamri na kutia chai katika chupa, na kijana mkubwa wa nyumba amepewa kazi ya kushika simu na kuangalia ramani. "Mwaka huu twajiendesha wenyewe," wasema, "kutoka hapa mpaka Lamu, kila mji wa kale tuuone." Neno hilo lapendeza masikioni, na sisi hatulikatai. Mwenyezi Mungu katika Kitabu chake ametuamrisha, si mara moja wala mara mbili, tutembee katika ardhi tuangalie mambo ya waliotutangulia yaliishia wapi.

Lakini hebu mwombe huyo mwenye nyumba akuonyeshe mpango wake. Utaona ameandika hoteli ya kulala, hoteli ya kula, pwani ya kuogea, na pahali panaposifiwa kwa picha. Petroli ameihesabu mpaka senti ya mwisho. Ukimuuliza Adhuhuri ataisali wapi, atakwambia, "Njiani, inshaallah." Ukimuuliza mkewe na mabinti zake watasali wapi, atanyamaza. Ukimuuliza ni mzee gani wa Takaungu au wa Mambrui atakayekwenda kumsalimia, atakuona umerukwa na akili. Miji ataipita yote, na atarudi hajui mtu hata mmoja wala hajasikia jina la aliyejenga nyumba hata moja.

Zamani wazee wetu walikuwa na udhuru. Walisafiri kwa basi au juu ya lori la mizigo, Kilifi wakangoja feri mpaka jua liwachome, kwani daraja lile halikufunguliwa ila 1991. Na basi halisimami kwa ajili ya makaburi ya babu za abiria mmoja. Aliyepita Mnarani ndani ya basi amepita tu, hana lawama. Ama wewe, usukani ni wako, breki ni yako, na saa ni yako. Ukitaka kusimama utasimama. Basi kila mji ulioupita bila ya kuuingia umeupita kwa hiari yako, na kila Sala iliyokuponyoka njiani hukuponyokwa nayo kwa sababu ya dereva wa watu. Gari ni neema, na neema ina masuala yake.

Tuanze na Sala, kwani ndiyo inayochezewa zaidi. Kutoka Mombasa mpaka Kilifi ni kiasi cha kilomita 60, na mpaka Malindi kiasi cha kilomita 120. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, safari inayoruhusu kupunguza Sala ni ile iliyopita marhala mbili, na wanavyuoni wa sasa wakiipima kwa kilomita huipata zaidi ya 80. Basi anayekwenda Kilifi na kurudi asali kamili kila Sala kwa wakati wake. Anayekusudia Malindi au Lamu tangu nyumbani kwake ana ruhusa, akishavuka majumba ya mji, ya kusali Adhuhuri na Alasiri rakaa mbilimbili na kuzikusanya, madhali safari yake si ya maasia. Hii ni rahisi kubwa. Hata hivyo utawaona watu wenye rahisi hii mkononi wanaiacha Adhuhuri ikatoka, kisha wanailipa usiku hotelini kama deni la dukani. Na mwenye kupanga kutoka siku ya Ijumaa ajue kuwa baada ya alfajiri kuingia haimfai mwanamume anayewajibikiwa na Sala ya Ijumaa kuondoka mjini, ila akiwa na yakini ataipata huko njiani. Miji ya njia hii ina misikiti ya Ijumaa kila upande, basi si taabu kupanga ufike Kilifi au Malindi kabla ya adhana. Lakini hilo lataka kupangwa.

Na hapa yako maneno ambayo waume wengi hawapendi kuyasikia. Gari likisimama msikitini, baba na watoto wanaume huteremka wakatawadha wakasali, wakarudi nyuso zao zang'ara. Mama na mabinti hubaki garini, vioo vimefungwa, jua linawapiga, na Sala yao inakwenda. Kwa nini? Kwa sababu aliyepanga safari hakuuliza ni msikiti gani una pahali pa wanawake. Misikiti hiyo ipo, na siku hizi hata baadhi ya vituo vya petroli vina chumba cha Sala, lakini haimjii mtu aliye mbioni. Ipigie simu jamaa zako wa Kilifi na Malindi siku mbili kabla, uandike majina ya misikiti mitatu au minne, kazi imekwisha. Na atakayesema kuwa pahali pa wanawake msikitini ni uzushi wa siku hizi, nampeleka Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 na 15 ulio karibu na Mtwapa. Pale pana msikiti ulio ukingoni mwa bahari, na wachimbaji wameona ndani yake dalili ya chumba kilichotengwa, wakasema kilikuwa cha wanawake. Babu zetu hawakuwaacha wake zao juani.

Hilo Jumba ndilo liwe kituo cha kwanza. Pana misikiti minne katika mji ule mdogo, na hiyo peke yake yatosha kukuonyesha watu wake walikuwa watu gani. Kando ya msikiti wa pwani pana kaburi lililoandikwa aya ya Suratu Aali Imran inayotukumbusha mauti. Mtalii aliyetoka Ulaya hupita hapo akaambiwa na kiongozi wake kuwa hayo ni maandishi ya Kiarabu, akatikisa kichwa. Mwanao aliyemaliza juzuu chuoni aweza kusimama mbele ya jiwe lile akatafuta herufi kwa herufi mpaka aya imtokee, nayo aya ile anaijua kwa moyo! Hebu fikiri atakavyohisi mtoto huyo. Jiwe limekaa mamia ya miaka likimngoja mtu wa kulisoma, na huyo mtu ni yeye. Kisha wewe baba umempitisha mbio kwa sababu mmechelewa kuogelea.

Atasema msemaji, "Likizo ni ya kupumzika, msituletee darasa." Tutamjibu kuwa hakuna aliyewakataza kuogelea. Bahari ni ya Mwenyezi Mungu, na watoto wana haki ya kucheza. Tunalosema ni kuwa safari ya siku nne ina nafasi ya yote mawili, na saa moja Jumba haimchoshi mtu. Kinachochosha ni foleni ya Mtwapa, na hiyo mwaivumilia.

Atatokea mwengine, naye huyu ana kilemba na elimu kidogo, atasema kuwa magofu hayafai kuingiwa, kwani Mtume (S.A.W.) alipopita majumba ya Thamud aliwakataza masahaba wasiingie ila wakiwa wanalia. Hadithi ni sahihi, lakini ameitia pasipo pahali pake. Thamud ni watu waliomkadhibisha mjumbe wao wakashukiwa na adhabu. Je, watu wa Jumba na wa Gede walimkadhibisha nani? Mihrabu zao zimeelekea kibla mpaka leo. Birika zao za kutawadhia zipo. Mji kuhamwa kwa sababu ya vita au visima kukauka si adhabu ya Thamud, au basi kila kijiji kilichohamwa kwa ukame ni cha makafiri! Mtume huyo huyo aliyesema hayo ya Thamud ndiye aliyetuhimiza tuyazuru makaburi, baada ya kuwa alikataza hapo mwanzo, kwa kuwa yanakumbusha Akhera. Makaburi ya Waislamu yaliyo kando ya njia yako kubwa ni wapi ikiwa si hapa?

Ama kundi la tatu hawasemi neno, wao huja kimya kimya na marashi, ubani na vitambaa vyekundu, wakawaomba mizimu ya magofu mume, mtoto au ushindi wa kesi. Hao sina mengi ya kuwaambia ila kwamba waliozikwa pale wangalifufuka leo wangaliwafukuza kwa bakora, maana walijenga misikiti minne ili aombwe Mmoja.

Na wapo wa nne, nao ndio wengi, wenye kamera. Nimeona kwa macho yangu jamaa waungwana kabisa, mavazi yao ya heshima na salamu zao za Kiislamu, wamekaa juu ya kaburi la mnara wanakula viazi karai, na mtoto amepandishwa ndani ya mihrabu na viatu vyake apigwe picha. Kukaa juu ya kaburi la Muislamu kumekatazwa kwa maneno makali, na kaburi halipotezi hishima yake kwa kuwa mwenyewe alikufa miaka mia sita nyuma. Picha si tatizo. Simama kando, piga, uondoke. Kula kuna kivuli cha miti tele nje ya ukuta.

Ukitoka Jumba, kabla ya kufika Kilifi, ipo njia ya kuchepuka kulia iendayo Takaungu. Hapa ndipo ninapowagombanisha wengi, kwani katika magari kumi hupita tisa. Takaungu haina hoteli kubwa wala bango la kung'ara. Ina watu. Ni mji ulioshikwa na Mazrui baada ya Sayyid Said kuitwaa Mombasa 1837, wakagawanyika, wengine wakaenda Gazi upande wa kusini na wengine wakaja hapa. Ugomvi wa kurithi ukubwa wa Takaungu 1895 Waingereza waliutia mkono, na kutokana na hapo vikazuka vita vilivyowaka Pwani nzima mpaka 1896. Mtoto wako shuleni husoma vita vya nchi za mbali. Vita hivi vilivyoanzia ua wa jirani husikia lini?

Lakini kijijini haingiwi kama unavyoingia sokoni Kongowea. Mtume ametufundisha kuwa aliyepanda humsalimia anayetembea, na anayetembea humsalimia aliyekaa. Na mwenye gari amepanda. Basi teremsha kioo, punguza mwendo vumbi lisiwaingie watu machoni, anza wewe kutoa salamu. Usipige honi. Usiegeshe mbele ya baraza la watu wala usiwapige picha wanawake waliokaa milangoni mwao, kwani wao si pambo la mji. Uliza msikitini ni mzee gani anayeweza kuzungumza na wageni, ungoje akutume mtu. Ukipewa maji uyanywe. Ukitaka kutoa kitu, muulize maalim wa chuo kuna upungufu gani, mashafu au mkeka au saruji, umpe mkononi wala usimwambie mwanao akupige picha unatoa.

Mbele kidogo, upande huu wa kusini wa hori ya Kilifi, pako Mnarani. Kapande ngazi uone msikiti mkuu na maandishi yaliyochongwa, na kaburi la mnara lililoupa mahali jina lake. Saa moja yatosha. Kisha vuka daraja uende zako.

Gede nataka ukae nusu siku. Na kwanza nijibu wale wanaonung'unika mlangoni, "Vipi tulipie kuingia msikiti wa babu zetu?" Manung'uniko hayo yana haki ndani yake, sitayakataa. Lakini kiingilio cha mwananchi ni kidogo kuliko soda mbili za hotelini, na nung'uniko la mtu asiyefika hata mara moja kwa miaka ishirini halina uzito mbele ya afisa yeyote. Watu wa mji wakizoeleka pale, wakaandika majina yao katika daftari la wageni, siku wakisema neno juu ya uwanja kumegwa au makaburi kuharibiwa watasikilizwa. Wasipoonekana, itasemwa kuwa mali hii haina mwenyewe. Mwaka 2024 Gede iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Dunia nzima imeshakiri kuwa pana thamani. Nauliza, katika nyumba ngapi za Kisauni na Majengo habari hiyo ilizungumzwa?

Ingia basi. Lipo kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, nao ni 1399 wa Miladi. Msimamishe mtoto hapo umwambie ahesabu. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi Aprili 1498, aliyezikwa hapa alikuwa ameshalala karibu ya miaka mia. Kisha yapite majumba. Yana vyumba vya wageni mbele na vya wenyewe nyuma, vyoo vya shimo, visima, na mabirika ya kunawia. Mama yeyote wa Mji wa Kale aingiapo mle hajipotezi, ajua jiko lilikuwa wapi bila ya kuambiwa.

Sasa soma majina ya nyumba hizo. James Kirkman alipoanza kuchimba 1948 aliita nyumba nyingi kwa kitu alichokiokota ndani yake. Iko Nyumba ya Mkasi, iko Nyumba ya Taa ya Chuma, iko Nyumba ya Ushanga wa Venisi, iko ya Fedha za Kichina. Hatumlaumu, alifanya kazi yake, na jina alihitaji. Lakini katika miji yetu ni nani aliyewahi kusikia nyumba ikiitwa kwa mkasi? Nyumba huitwa kwa mwenyewe. Huitwa kwa Bwana fulani, kwa bibi fulani, kwa ukoo fulani, na hata akifa miaka hamsini jina hulibakia lango. Watu wa Gede walikuwa na majina yao yote hayo, wakijuana nyumba kwa nyumba, na leo katika majina yao hatunalo hata moja la kuipa nyumba. Mkasi umekumbukwa kuliko aliyekuwa akikata kwa mkasi huo.

Hili ndilo linalonifanya nipige kelele. Takaungu, Mambrui, Witu na Shela majina bado yapo, yamo vifuani mwa wazee, na wazee wanakwenda mmoja mmoja. Vijana wametoka kutafuta kazi, nyumba zinaoza makuti na boriti, nyengine zauzwa kwa mtu asiyejua alinunua ukuta wa nani. Asipokuja mtu leo akauliza, "Nyumba hii ya nani, na kabla yake ilikuwa ya nani, na kisima hiki kiliwekwa wakfu na nani?" basi siku za mbele atakuja mchimbaji na kijiko chake ataiita Nyumba ya Friji. Na safari hii ya gari la nyumbani ndiyo nafasi iliyo nyepesi kuliko zote. Ndani ya gari mna kijana mwenye simu ya kurekodi sauti, mna bibi anayejua nasaba, na mna mtoto anayependa kuuliza. Wataalamu wa vyuo vikuu hulipiwa fedha nyingi kupata watatu kama hao.

Na mkirekodi, mtajibu pia uwongo mmoja mkubwa. Vitabu vya wakoloni vilipenda kusema kuwa miji hii ilijengwa na wageni na kwamba mwenyeji wa Pwani alikuwa mtazamaji tu. Wachimbaji waliofanya kazi Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980 walikuta misikiti ya miti na udongo chini ya msikiti wa mawe, tabaka juu ya tabaka, mpaka karne ya 8. Watu walianza kidogo wakapanda. Mwaka 2023 zikatolewa habari za kupimwa mifupa ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya Mwambao, Mtwapa ikiwa mojawapo. Ilionekana kuwa upande wa mama zao walikuwa zaidi Waafrika na upande wa baba wengi wao wana damu ya Uajemi, na kuchanganyika huko kulianza kiasi cha mwaka 1000. Wazee wetu waliokuwa wakisimulia habari za Shirazi walichekwa na wasomi. (Kuhusu kuyachimbua makaburi ya Waislamu tuna maneno yetu, lakini si leo.) Basi mwanao akiulizwa yeye ni nani, asijibu kwa kitabu cha mtu mwengine.

Malindi, tafadhali, usianze na nguzo ya Vasco da Gama. Najua kila gari huenda huko, watoto wakapangwa mbele ya msalaba wa Mreno wakapigwa picha, wakarudi. Ni alama ya historia, wala hatusemi ivunjwe. Lakini karibu na Msikiti wa Ijumaa wa mji huo huo yamesimama makaburi ya minara ya Waislamu wa Malindi, na mwenye kupiga picha moja mbele ya nguzo ya mgeni bila ya kufika kwa wenyeji waliomkirimu mgeni huyo, wakampa na rubani wa kumfikisha India, ana adabu gani? Nenda msikitini kwanza. Ukimaliza na kama wakati wabaki, nenda kwenye nguzo umweleze mtoto mambo yaliyofuata baada ya ukarimu ule, Mombasa ilivyochomwa na Kilwa ilivyotekwa mwaka 1505.

Kulala Malindi ni fitina nyengine. Wako wanaokimbilia hoteli ambamo meza ya jirani ina chupa za ulevi na pwani yake haitazamiki, wakalipa kwa usiku mmoja fedha za karo. Na wako wanaofanya kinyume chake, gari la watu saba likasimama magharibi mlangoni kwa shangazi ambaye hakuambiwa kitu. Shangazi hatasema neno. Ataazima mchele kwa jirani, atawalaza wageni vitandani na watoto wake chini, na atacheka mpaka mwondoke. Huo si udugu, ni dhuluma iliyovikwa kanzu. Mgeni ana haki ya siku tatu, lakini Mtume amekataza mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Piga simu wiki moja kabla, sema mko wangapi, peleka mchele na sukari na mafuta na samaki, na mlale usiku mmoja. Pasipo jamaa, nyumba za wageni za Waislamu zipo mjini, safi na za bei ya kadiri.

Ukivuka mto Sabaki, Mambrui haiko mbali. Lipo kaburi la mnara lililokuwa limepambwa kwa bakuli za Kichina, na upo mji unaoishi, na vyuo vyake. Adabu ni zile zile za Takaungu.

Baada ya Mambrui mambo yanabadilika, na hapa nawageukia wale mashujaa wa mdomo wanaosema, "Tawakkal, twende tu." Tawakkal si kufunga macho. Kutoka Malindi mpaka Mokowe ni kiasi cha kilomita 220, vijiji vimeachana, na tangu mashambulio ya Mpeketoni ya Juni 2014 sehemu ya Garsen mpaka Lamu imepatwa na mikasa ya watu kuuawa njiani. Barabara yenyewe imetiwa lami, lakini mwisho wa 2023 mafuriko yaliikata. Basi uliza polisi Malindi siku moja kabla, uliza tena Garsen. Safiri mchana tu. Jaza petroli Malindi usingoje mbele. Ukiambiwa ungoje magari mengine, ngoja, na ukiambiwa rudi, rudi, kwani Mwenyezi Mungu amekataza mtu kujitia katika maangamizo kwa mkono wake. Wakisafiri watu watatu wamewekewa sunna ya kumfanya mmoja wao amiri. Mchague mliponyumbani, awe ndiye anayeamua kusimama, kwenda na kurudi. Asiwe yule mwenye sauti kubwa. Mara nyingi anayefaa ni mama, lakini hilo waume wataliamua wenyewe. Na dereva alale usiku uliotangulia. Mwili una haki yake, na mitaro ya njia hii imeshachukua wengi waliosinzia.

Mwenye hofu, au mwenye watoto wachanga, asione haya kuishia Mambrui. Au aache kaskazini mwaka huu ashike kusini, Msikiti wa Kongo pale Diani na mibuyu yake, kisha Gazi, Shimoni na Vanga. Siku mbili zatosha, na maneno yote niliyoyasema huku yanakwenda na huko.

Atakayefika Witu asipite. Mji huu wa msituni ulikuwa na sultani wake, Ahmad aliyeitwa Simba, akaingia mkataba na Wajerumani 1885, na 1890 Waingereza wakauteketeza kwa moto. Simama hata nusu saa, sali msikitini, uliza.

Mokowe ndio mwisho wa lami. Gari litabaki hapo. Patana na mlinzi kabla ya kuteremsha mizigo, kwa siku ngapi na kwa kiasi gani, na umlipe nusu mwanzo na nusu ukirudi. Funguo kaa nazo wewe. Chomboni watoto wavae maboya ya kuokolea, hata nahodha akicheka. Mkishuka Lamu aliyepanda kitu aghalabu ni mwenye punda, na wazee wamekaa barazani kandokando ya njia nyembamba kuelekea Riyadha. Nyinyi ndio mnaotembea, basi nyinyi ndio mnaoanza salamu.